Kukodi gari Bongo bila kupigwa: unavyopata bei ya maana

Wakuu, msimu wa kwenda Moshi na Bukoba ukikaribia utaona kila mtu anauliza "nani anakodisha IST bei poa" na majibu yanakuja mengi, namba za WhatsApp kibao, picha za gari zimeoshwa zinang'aa, halafu mwisho wa safari mtu anakwambia alitegemea laki nne imetoka laki nane. Sasa nataka tuongelee hii kitu taratibu, maana shida kubwa ninayoiona ni kwamba watu wanabishana juu ya bei ya siku, elfu sitini, hapana hamsini na tano, haya basi lete, wakati bei ya siku ni chambo tu. Hela inaondokea kwingine kabisa.

Kabla hujatafuta gari jiulize kwanza unaihitaji wapi

Hapa ndo penye akiba kubwa kuliko bagein yoyote utakayofanya. Wengi wa Dar wanakodi gari Dar, wanaendesha mpaka Moshi, gari inakaa imepaki uwanjani kwa bibi siku tatu watu wanakula mbuzi, halafu wanarudi nayo, na siku zote hizo saa inahesabu. Chukua hesabu ya mfano, weka bei zako mwenyewe: IST elfu 80 kwa siku kwa safari ya nje ya mkoa, siku saba ni 560,000. Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560, kwenda na kurudi 1,120, ikila lita moja kwa kilomita 14 ni lita 80, mafuta tuseme 3,000 kwa lita, hiyo 240,000. Jumla 800,000 na bado hujatoka hata kwenda Marangu.

Sasa mkiwa wawili, pandeni basi. Nauli tuseme elfu 40 kila mmoja, kwenda na kurudi 160,000, mkifika pale Moshi mjini mnakodi gari siku tatu tu mnazozihitaji kwa elfu 70, hiyo 210,000, jumla 370,000 na mafuta ya kuzungukia pale pale. Mkiwa watano nauli inafika 400,000 kwahiyo jumla ni 610,000, tofauti inapungua, na kama kuna watoto na mabegi na mchele na mafuta ya kula mnawapelekea wazee basi mtu anaweza kusema bora niende na gari na sitamlaumu. Ila piga hesabu kwanza, usiende na gari kwa sababu ya kuonekana umekuja na gari. (Najua kuna watu hiyo ndo sababu yenyewe, haya, nayo ni sababu, ila iweke kwenye bajeti.)

Dodoma ndo kabisa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa daraja la kawaida ilikuwa 31,000, na Morogoro 13,000. Mtu mwenye kikao cha siku moja Dodoma anakodi gari Dar kwa siku tatu ili iweje? Panda treni, kodi kule. Angalizo tu, kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili mpaka Juni mwishoni, Dodoma inajaa watu wa wizara na taasisi, gari zinakuwa hazishikiki na vyumba vilevile, kwahiyo hapo weka oda mapema sana.

Msimu

Desemba ni ghali, hilo halina mjadala, kuanzia kama tarehe 15 mpaka watu warudi mwezi wa kwanza. Pasaka na Idi nazo zinapanda. Jumamosi za harusi gari nzuri zote zinakuwa zimeshachukuliwa, hasa zile nyeupe na nyeusi, kwahiyo kama safari yako haina ulazima wa wikiendi chukua Jumatatu mpaka Alhamisi, hapo mwenye gari anajua ikilala haimwingizii kitu na anashuka mwenyewe hata kabla hujamwomba. Kuanzia Juni mpaka Septemba watalii wanakuwa wengi huku kaskazini na Prado na Land Cruiser zinabanwa, ila Machi mwishoni mpaka Mei wakati wa masika zinapaki tu. Ukitaka Prado kwa bei ya kibinadamu hiyo ndo saa yake, shida ni barabara za vumbi zinakuwa tope.

Siku nyingi nazo zinashusha bei. Usiulize "kwa siku shilingi ngapi", muulize "nachukua siku kumi, jumla unanifanyiaje". Ukiuliza bei ya siku anakupa bei ya siku, ukimtajia siku kumi anaanza kupiga hesabu tofauti kichwani. Mwezi mzima ni mazungumzo mengine kabisa, hapo unaweza kumwambia nataka bei ya mwezi na sevisi iwe juu yako, na wengi wanakubali maana wanakwepa usumbufu wa kutafuta mteja kila siku.

Nani wa kumkodi

Kuna makundi matatu hivi. Kuna kampuni kubwa zenye ofisi na kaunta airport, kuna kampuni ndogo za mjini zenye gari tano kumi, na kuna mtu binafsi mwenye gari yake moja anataka hela ya ziada, huyu mara nyingi unampata kupitia dalali. Dalali si mtu mbaya ila ujue ana cha juu chake, na cha juu hicho unakilipa wewe. Ukiona page ya Instagram ina kila gari duniani kuanzia Vitz mpaka Rolls-Royce, huyo hana hata moja, ni dalali. Muulize swali moja: gari ipo wapi sasa hivi nije niione. Mwenye gari anakujibu mtaa, dalali anakwambia subiri kidogo nikucheki.

Airport bei iko juu, JNIA ya Dar au KIA ya Kilimanjaro sawa tu. Mkuu unayetoka nje na familia umechoka, sawa, lipia urahisi, ila njia ya kati ni hii, siku ya kwanza chukua Bolt au taksi mpaka nyumbani, ulale, kesho yake ukachukue gari mjini na akili imetulia. Kampuni kubwa za mitandaoni nazo zina mambo yake, wanataka kadi ya benki ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe na wanazuia hela kwenye hiyo kadi kama dipoziti, sasa ukija na kadi ya mke wakati mkataba una jina lako mnaanza kubishana pale kaunta na watoto wanalia.

Kitu kingine, kama unakodi hapahapa nchini na mtu anakutajia bei ya dola, mwambie akupe ya shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Na usimwache akageuze dola kwa reti yake ya kichwani, uliza shilingi ngapi, basi.

Bei yenyewe sasa, ichambue

Ukipewa bei usiseme sawa wala ghali, uliza kwanza imebeba nini. Kuna bei ya ndani ya Dar na bei ya nje ya mkoa, ni vitu viwili, na kuna watu Kibaha tu wanaihesabu nje ya mkoa (kiukweli ni Pwani ile, wana haki yao). Kuna bei yenye kikomo cha kilomita na isiyo na kikomo. Hapa watu wanapigwa sana, angalia mfano: mmoja anakwambia elfu 60 kwa siku, kilomita 100 kwa siku, ukizidisha kila kilomita 500. Mwingine anakwambia elfu 75 zunguka unavyotaka. Unaenda Morogoro siku tatu, kwenda na kurudi na kuzunguka kule inafika kilomita 450. Wa kwanza ni 180,000 ukaongeza kilomita 150 ulizozidisha mara 500, ambayo ni 75,000, jumla 255,000. Wa pili 225,000. Yule wa "bei rahisi" kakuzidishia elfu thelathini. Ila kama unazunguka Masaki na Mikocheni tu basi wa kwanza anakufaa, kwahiyo inategemea na safari yako, fungua ramani kwenye simu upime kabla hujaongea nae.

Uliza pia siku inahesabiwaje. Kuna wanaohesabu saa 24 tangu uchukue, kuna wanaohesabu tarehe, yaani ukichukua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ukarudisha Jumapili jioni kwa mmoja ni siku mbili kwa mwingine ni tatu. Na VAT, kampuni zilizosajiliwa unaweza kutajiwa 75,000 halafu kwenye ankara inakuja 88,500 kwa sababu ya ile asilimia 18. Uliza mapema "hiyo na VAT ndani?" na udai risiti ya EFD, hasa kama ofisini kwako watakurudishia hela.

Ukichukua na dereva kuna posho yake. Analala wapi, anakula nini, nani analipa, na mwisho wake wa kazi ni saa ngapi. Watu wengi wanadharau gari yenye dereva wanaona gharama, ila kwa safari ya mbali hasa kama barabara huijui mimi naona mara nyingi inalipa, maana gari ikigongwa akiwa anaendesha dereva wao hilo si lako, na tochi (vile vipima mwendo vya trafiki) zikimkamata hela inamtoka yeye. Muandikishane tu hivyo.

Mafuta yanatakiwa yarudi kama yalivyokuwa. Shida ya Bongo ni kwamba gari unaletewa taa inawaka, yaani ina harufu tu ya mafuta, unaweka ful tenki kwa sababu unasafiri halafu ukirudisha robo tanki imebaki wanakula wao. Njia rahisi ni kuweka kidogokidogo siku za mwisho. EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta, wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei zinatofautiana mikoa, kadri unavyokwenda mbali na bandari zinapanda, kwahiyo kama unatoka Dar kwenda bara jaza Dar.

Gari gani

Usichukue kubwa kuliko safari. Dar–Moshi ni lami mwanzo mwisho, IST inafika bila shida yoyote, tena kuna ya cc 1,300 na ya 1,500, kwa milima ya Lushoto ukiwa na watu wanne na mizigo omba ya 1,500. Mkiwa sita saba chukueni Noah. Prado chukua kama kweli unaingia porini au unakwenda kijijini kwenye tope, na kushuka kreta ya Ngorongoro ni lazima gari ya 4x4, hapo hamna ujanja.

Halafu watu wanaringiana namba ya usajili, yaani ile herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao, "hii namba E hii mpya". Namba inakwambia gari imesajiliwa lini Tanzania, haikwambii imetengenezwa lini Japani. IST zile za kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, kwahiyo IST namba E ya umbo lile ni mzee aliyevaa shati jipya. Namba D iliyotunzwa inaweza kuwa bora kuliko hiyo na ikakodishwa bei ya chini. We angalia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, tairi ya miaka mingi hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo usiende nayo mbali, mwambie abadilishe au akupe gari nyingine, na hapohapo unapata sababu ya kushusha bei.

Bima, hapa soma mara mbili

Bima ndogo inalipa yule uliyemgonga tu, gari uliyokodi ikiharibika ni yako. Bima kubwa inalipa na gari yenyewe, ila kuna kiasi cha kwanza ambacho unabeba wewe, muulize ni kiasi gani na kiandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu. Usikubali "gari ina bima kubwa usijali". Chukua namba ya gari ingia kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA MIS, uone kama bima ipo hai na ya aina gani, ni dakika moja na hamna malipo. Angalia pia bima ni ya matumizi gani, kama imekatwa ya matumizi binafsi na gari inakodishwa, siku ya ajali kampuni ya bima ina pa kukwepea na mzigo unakurudia.

Kipengele kingine ambacho watu hawakisomi ni cha siku za gereji. Mikataba mingi ina mstari unaosema gari ikiharibika mikononi mwako utalipia kila siku itakayokuwa gereji kama vile bado umeikodi. Sasa piga picha bampa imepasuka, bima wanachukua wiki tatu kuja kukagua, fundi anasubiri spea, na wewe unahesabiwa elfu 70 kila siku. Hiyo ni 1,470,000 kwa bampa! Hapa ndo pa kutumia nguvu zako zote za kubagein kuliko ile elfu tano ya bei ya siku. Mwambie tuweke kikomo, mfano siku tatu au tano, au tutoe kabisa kama kosa si langu. Wengi wanakubali kwa sababu hamna mtu huwa anauliza, wanabaki wanakushangaa. Akikataa katakata, tafuta mwingine.

Ikitokea ajali hata ndogo usimalizane na mtu barabarani kwa kupeana elfu hamsini, ita trafiki upate ripoti, piga picha, mpigie mwenye gari hapohapo. Bila ripoti ya trafiki bima hamna.

Kulipa na kuchukua

Usitume hela yote kabla ya kuiona gari. Kianzio kidogo sawa, na kiende kwenye lipa namba au akaunti yenye jina la kampuni au jina la huyo huyo aliyeandikwa kwenye kadi ya gari. Jina likija tofauti kabisa, simama. Gari ya bei ya chini kuliko wote mjini, picha nzuri, halafu anataka utume sasa hivi "kuna mteja mwingine anaitaka", huyo achana nae.

Usishangae wakikudai kitambulisho cha NIDA, leseni, mdhamini na dipoziti. Kuna watu wamekodi gari za watu wakaenda kuziweka rehani, ndo maana karibu zote zina GPS na nyingine mwenyewe anaweza kuzima injini akiwa nyumbani kwake. Kwahiyo ukiona siku zinaongezeka mpigie mapema ulipie, usije ukazimiwa gari Segera na watoto ndani. Dipoziti iandikwe: kiasi, na itarudi ndani ya muda gani. Ukiwa mteja wa kurudiarudia omba waiondoe, wanaiondoa.

Zanzibar ni habari nyingine kidogo, kama una leseni ya nje uliza kuhusu kibali cha kuendesha cha kule, kampuni zenyewe huwa zinakushughulikia ila hakikisha kipo ndani ya bei na upewe mkononi kabla ya kuondoka, maana vizuizi vya polisi ni vingi.

Siku ya kuchukua njoo mchana, usichukue gari usiku wala mvua inanyesha, mikwaruzo haionekani. Zunguka nayo na simu ukirekodi video moja ndefu, bampa zote, milango, rimu, vioo, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, na umtumie mwenye gari kwenye WhatsApp palepale ili iwe na saa na tarehe. Angalia spea tairi, jeki, spana ya tairi, triangle na mtungi wa kuzimia moto, hivyo viwili vya mwisho trafiki anaviuliza hata kabla hajakusalimia.

Na deni la faini. Faini za barabarani zinakaa kwenye namba ya gari, elfu 30 kwa kosa, kwahiyo kabla hujachukua ingia kwenye mfumo wa polisi wa TMS weka namba ya gari uone kama kuna deni, piga skrini shoti. Vinginevyo utasimamishwa Chalinze na deni la mteja wa juzi na wewe ndo utakuwa unajieleza. Barabara ya Moshi vibao vya 50 viko kila kijiji na tochi zipo, ukikosea mara nne tu ushapoteza 120,000, ile bagein yako yote imeisha. Kutoka Dar unaweza pia kupita Bagamoyo ukatokea Msata, unakwepa foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze, na mafuta yanayoungulia kwenye foleni unayaokoa.

Kurudisha fanya vilevile: mchana, video, mafuta, halafu ingieni TMS wote wawili pale pale muone gari haina deni jipya, na dipoziti irudi kabla hujakabidhi funguo. Akikwambia mhasibu katoka, mwambie utamsubiri, na ukae nazo hizo funguo.